Mashine Iliyokaa Karibu na Mlango

Wewe unayesoma, nisikilize kama unavyomsikiliza mtu anayekufundisha kuunga waya: polepole, mikono ikiwa mbali na umeme mpaka nimalize. Sitakueleza habari za wazazi wangu wala mahali nilipozaliwa, kwa kuwa hazitakusaidia. Nataka kukueleza mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, hapahapa Butembo, tukiwa watu watatu tunaopiga muziki pamoja, na tukaletewa mashine ya midundo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamua kama inastahili nafasi kati ya vyombo vyetu. Nimeukumbuka mwaka huo kwa mambo mawili yaliyonijia katika juma moja. La kwanza, Kahindo, msichana mmoja kati ya vijana ninaowafundisha kazi ya sauti katika karakana yangu ya mtaa wa Kimemi, alikuja na swali lilelile: kikundi chao kimeletewa boksi jipya la midundo kutoka Kampala, je, walipatie nafasi au walirudishe? Alinionyesha picha yake katika simu, akazungumza juu yake kwa furaha ambayo niliitambua. Nikamwambia nitampa jibu siku ya Jumamosi. La pili, kesho yake simu ilitoka Beni, ikasema Mbusa amekufa.

Mbusa alikuwa mpiga ngoma wetu. Alikwenda shambani asubuhi pamoja na majirani wawili, upande ule ambako watu wa Mulekera wanajua waasi wanaua, na bado wanakwenda, kwa kuwa kakao haiwezi kung'olewa ikapandwa kwenye parcelle, kiwanja cha nyumbani. Siku ya tatu wanaume wa mtaa walikwenda kuichukua miili yote mitatu. Sitasema zaidi ya hapo. Nilipofika kilioni nilikuta viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai la shitingi, wanawake wanamenya mihogo nyuma ya nyumba, na mzee mmoja mwenye mvi amekaa peke yake, kofia magotini. Ilinichukua muda kumjua. Alikuwa Kambale, mpiga gitaa wetu na kiongozi wetu wa zamani, ambaye siku hizi anaongoza shule moja huko Lubero. Miaka mingi hatukuwa tumeonana. Alinisogezea kiti, tukaulizana habari za njia na za vizuizi vyake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Masika, ile mashine." Nilingoja amalize. Hakumaliza, nami sikumsaidia.

Basi nianze na chumba, maana bila chumba hutaelewa lolote. Tulifanyia mazoezi katika depo, ghala la viazi la Mama Kanyere, mjane mmoja mpana wa Kimemi, aliyekuwa akipokea viazi kutoka Kipese kwa lori na kuviuza kwa magunia. Kilikuwa chumba kirefu cha matofali kisicho na dirisha, chenye mlango mmoja tu, na kilinuka udongo wa milimani. Lori lilipokuwa limefika karibuni, magunia yalipanda hadi karibu na mabati, na sauti ikawa nzito na safi, kwa sababu magunia yanakula mwangwi. Viazi vilipokwisha, kuta zilibaki wazi na kila pigo lilirudi mara mbili. Kwa hiyo hatukupanga mazoezi kwa siku za juma kama watu wengine. Tulipanga kwa lori la Kipese. Kambale angekutana na mtu barabarani aliyeona lori likipakuliwa, naye angenijia mbio kusema chumba kimejaa. Mama Kanyere hakututoza chochote. Alituomba tu kumsaidia kuchambua viazi vilivyokatwa na jembe, ambavyo havifai sokoni, na hivyohivyo ndivyo alivyotuchemshia na maganda yake, pamoja na maharagwe na poireaux, vitunguu virefu vya majani. Mpaka leo nikisikia harufu ya poireaux ikichemka, mikono yangu hutafuta kinanda.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Nje ya mlango tuliweka groupe, jenereta ndogo iliyotetemeka kama mtu mwenye homa, na waya wake ulipita mlangoni ukaishia kwenye rallonge fupi yenye matundu manne. Tundu la kwanza lilikuwa la ampli, ambayo pia ilibeba gitaa la Kambale. La pili lilikuwa la kinanda changu, la tatu la taa. La nne lilikuwa wazi. Mbusa hakuhitaji tundu. Alikuwa na ngoma mbili za ngozi, kubwa na ndogo, alizozipaka mafuta ya mawese kila mara ili ngozi isikauke kwa baridi ya Butembo, na kengele ya chuma aliyoifunga kwenye mguu wa kiti. Kiti chake kilikaa karibu na mlango, na popote tulipokwenda kupiga, arusini, kilioni, au kwenye sikukuu za padri mpya, jambo lake la kwanza lilikuwa kutafuta mlango na kukaa karibu nao. Nilidhani anapenda hewa. Siku moja nilimwuliza, akacheka, akasema yeye hapigi wimbo, anapiga miguu.

Nikufafanulie maana yake, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuielewa. Kwetu, bibi arusi haingii peke yake. Anaingia na ukoo mzima, wakicheza taratibu, wamebeba vikapu, mbuzi, magodoro, na mbele yao mara nyingi yuko mukaka, yaani bibi mzaa baba au mzaa mama, ambaye hakuna anayethubutu kumharakisha. Mbusa aliitazama miguu ya mzee kuliko wote. Mzee akipunguza hatua, ngoma ilipunguza. Akisimama kupumua, ngoma nayo ilizunguka palepale kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani, bila yeyote kuona kwamba kuna aliyesimama. Kilioni alifanya hivyohivyo kwa watu wanaobeba jeneza. Sisi wawili tulimfuata yeye, yeye aliwafuata wao. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na kwa kuwa haukuandikwa popote, nilidhani haupo.

Mashine ilikuja mwezi wa mvua. Aliyeileta alikuwa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda Dubai na kurudi na kontena. Alitupenda kwa sababu tulipiga kwenye kilio cha baba yake. Aliingia depo akiwa ameshika kitu kilichofungwa katika blanketi, akakiweka juu ya gunia, akakifungua polepole kama anayemvua mtoto mchanga nguo.

"Batoto," alisema, akituhesabu sisi watatu kwa kidole, "nawaletea mutu wa ine. Huyu hapana kuchelewa."

Ilikuwa boksi la rangi ya kijivu, ukubwa wa kitabu kikubwa cha misa, lenye vifundo vya kuzungusha juu na mstari wa vitufe kumi na sita chini, kila kimoja na kitaa chekundu. Kama hujawahi kuitumia, fikiria saa ambayo badala ya mkono ina mwanga. Mwanga unakimbia kutoka kitufe cha kwanza hadi cha kumi na sita, kisha unarudi mwanzo, bila kuchoka. Ukiweka mlio kwenye kitufe, mwanga ukipita hapo mlio unasikika. Unaweka ngoma hapa, matoazi pale, besi hapa, na baada ya dakika chache una kikundi kizima kinachozunguka ndani ya boksi. Papa Muhindo alikuwa anamwoza binti yake mwezi wa nane. Alituachia mashine tuijaribu, tupige nayo kwenye arusi hiyo, na baada ya hapo, tukiona inafaa, ibaki kwetu. Kambale aliitazama kama mtu aliyepata barua kutoka mbali. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma umeme miaka miwili, walikubaliana kwamba mimi ndiye niseme.

Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na nataka ulijue hilo, maana ni rahisi kumlaumu kijana mvivu na mimi sikuwa mvivu. Nilichukua daftari nikajiuliza maswali ambayo mpaka leo nawafundisha vijana wajiulize. Je, inafanya jambo ambalo hakuna kati yetu anayelifanya? Ndiyo, ilitupa besi, nasi hatukuwa na mpiga besi. Siku ya kwanza besi ile ilipotoka katika ampli, wapita njia walisimama barabarani, na Mama Kanyere alitoka jikoni na mwiko mkononi akaweka kiganja chake juu ya gunia, akasema viazi vinatetemeka. Je, groupe yetu inaiweza? Inaiweza, tundu la nne lilikuwa wazi. Je, naweza kuiendesha huku napiga kinanda? Naweza, kwa mkono wa kushoto. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa katika lugha mbili ambazo hakuna kati yetu aliyezisoma, lakini nilijifunza kwa kubonyeza, na kila nilichojifunza niliwaeleza wenzangu kwa furaha, Mbusa akiwa ameinama kwa hamu kuliko wote.

Tatizo lilikuwa moja. Nyimbo zetu nyingi, zile za kuingiza watu, zinahesabu tatu-tatu, kama mtu anayetembea akiwa na mzigo kichwani, anayumba kidogo. Mashine ilihesabu nne-nne. Tulipojaribu wimbo wa bibi arusi, ulichechemea ukaanguka.

"Ya Masika," Mbusa aliniuliza, na aliniita Ya kwa kuwa nilimzidi mwaka mmoja, "hii hapana weza kuhesabu tatu-tatu kama siye?"

"Haiwezi," nilimjibu. Nikamwonyesha kwa vidole, kwa upole, kama mwalimu: vitufe ni kumi na sita, na kumi na sita haigawanyiki kwa tatu. Alihesabu vitufe mwenyewe, midomo ikitembea, akakubali. Basi tukaunyoosha wimbo ili uingie katika boksi. Ulinyooka. Ulikuwa mkubwa zaidi, wenye nguvu zaidi, na Kambale alisema sasa unafanana na muziki wa redio.

Kisha lilikuja suala la mahali. Waya wa groupe uliingia mlangoni na rallonge ilikuwa fupi, kwa hiyo meza ya mashine ilipaswa kukaa pale waya ulipofika. Hakuna aliyemwambia Mbusa ahame. Siku moja nilifika nikakuta Kambale ameweka meza karibu na mlango, na Mbusa amekwisha kuhamisha ngoma zake mwisho wa chumba, kati ya magunia, ambako hakuweza kuona mtu anayeingia. Alikuwa akizipaka mafuta. Niliona jambo hilo kama suala la waya, na kwa kweli lilikuwa suala la waya.

Siku hiyohiyo, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya magunia nachambua viazi, nilimsikia Papa Muhindo akizungumza na Mama Kanyere mlangoni. Alikuwa anaisifu mashine. "Haikule, Mama Kanyere. Haikunywe. Haikose mazoezi juu ya kilio ya shangazi."

"Mais groupe njo inakula," Mama Kanyere alimpinga. "Inakunywa essence kupita vile Mbusa anakunywaka kasiksi."

Papa Muhindo alicheka sana, maana kasiksi, pombe ya ndizi, Mbusa aliipenda kweli. Alipomaliza kucheka, mama aliuliza tena, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza gunia liwekwe wapi: "Na ule mutoto, mutamuweka wapi?"

"Si iko nafasi kule kwa viazi?" alisema Papa Muhindo.

Mbusa alikuwa hatua sita kutoka kwangu. Sauti ya mkono wake juu ya ngozi ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Nikitazama nyuma, naona mwaka ule ulikuwa na mlango wa kutokea, nao ulifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa alasiri ya mvua. Groupe ilikuwa imewashwa na Kambale alikuwa hajafika. Nilikuwa nimekwenda jikoni kwa Mama Kanyere kuchukua sahani ya viazi. Niliporudi, nikiwa bado uani, nilisikia wimbo wa bibi arusi ukitoka ndani ya depo, si ule tulionyoosha bali wa zamani, unaoyumba tatu-tatu, na chini yake ile besi kubwa. Nilisimama. Nilidhani mashine imepata akili. Kisha nilisogea mlangoni na kumwona Mbusa amekaa, boksi liko magotini pake. Hakuwa ameuwasha ule mwanga unaozunguka. Aliugusa mstari wa vitufe kwa ncha za vidole vyote, kama ngoma kumi na sita ndogo, ngoma huku, besi kule, na boksi lilimtii. Nilipoingia, nikitembea kwa uangalifu ili mchuzi usimwagike, wimbo ulipunguza mwendo. Nilipiga hatua, besi ikapiga. Nilisita, ikanisubiri. Alikuwa anatazama miguu yangu. Nilivuka chumba kile kama bibi arusi mwenye sahani ya viazi, na ninakuambia, katika miaka yote hii ya kufanya kazi na vyombo vya watu, sijasikia tena chombo kikipigwa hivyo.

Kambale alitokea nyuma yangu, amelowa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kitu cha mtu kuharibika mikononi mwetu. "Mbusa, ile ni kitu ya wenyewe," alisema. "Mikono yako iko na mafuta."

"Nilikuwa naijaribia tu," Mbusa alisema. Alilirudisha boksi juu ya meza, akashika pindo la shati lake akafuta vitufe kimoja kimoja, vyote kumi na sita, kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nimesikia. Ningeweza kusema maneno matano na mambo yakageuka. Niliweka sahani chini, nikasema viazi vinapoa.

Arusi ilifanyika katika ukumbi mpya wenye mapambo ya bluu. Tuliweka mashine mbele, na Mbusa tulimpa kengele, aipige juu ya midundo ya boksi ili watu waone mkono unaotembea. Mlango wa kuingilia ulikuwa mbali, nyuma ya watu. Mukaka wa bibi arusi alikuwa ameletwa kutoka Kipese siku moja kabla, bibi mdogo mwenye nyonga mbovu, amevaa kitenge kipya kilichokuwa bado kigumu. Wimbo ulianza na ukumbi mzima ukapiga vigelegele, kwa kuwa besi ilikuwa tamu. Katikati ya njia bibi alisimama kupumua. Mashine haikusimama. Wasichana nyuma yake waliendelea kucheza na mwendo wa boksi, wakamsukuma kidogo, akapiga hatua mbili za haraka, akashika kiti cha mgeni. Watu wengine walicheka, kwa upendo, lakini walicheka. Kambale alinifanyia ishara nipunguze. Kifundo cha mwendo nilikijua, ila mazoezini kiliwahi kuruka mikononi mwangu na kuharibu wimbo wote, nikaogopa. Nilizima. Kimya kikaanguka juu ya watu mia kadhaa, na bibi yule yuko katikati, amekishika kiti, kila mtu anamtazama. Ndipo kengele ikasikika, peke yake, ndogo, tatu-tatu. Mbusa alikuwa amepanda juu ya kiti ili aone. Bibi alinyanyua mguu, kengele ikampokea, na hivyo ndivyo alivyofika mbele, polepole, hadi mwisho.

Kesho yake tulikaa depo kuamua. Ungetegemea nini? Sisi tulisema bibi alikuwa mzee mno. Tulisema familia ilipaswa kumwekea mtu wa kumshika mkono. Kosa lote tulilibandika kwenye nyonga ya mwanamke wa Kipese aliyetembea ukumbini mara moja katika maisha yake. Nilifungua daftari langu, nikasoma maswali yangu na majibu yake, yote sahihi, na nikasema mashine ibaki.

"Na Mbusa?" Kambale aliuliza.

"Apige kengele, kama jana. Jana ilisaidia."

Mbusa alikuwa ameegemea magunia. "Sawa, Ya Masika," alisema. "Kama ni weye njo umesema, sawa."

Alipiga kengele mara mbili zaidi. Kisha tukasikia amekwenda Beni, ambako mjomba wake alikuwa na shamba upande wa Mulekera. Ngoma zake aliziacha. Ngozi ya ile kubwa ilikauka ikapasuka, na Mama Kanyere akaiwekea ndani mbegu za viazi.

Mashine haikumaliza mwaka. Siku moja essence, yaani petroli, ilikuwa chafu, groupe ikakohoa, umeme ukaruka kwa nguvu, na boksi likatoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Nililifungua kwenye meza na sikujua nilichokuwa natazama. Mimi na Kambale tulipanda gari kwenda Beni kumwita Mbusa arudi. Tulimkuta mbele ya nyumba anageuza kakao iliyoanikwa, akitembea juu yake bila viatu, akikokota miguu, mstari kwa mstari. Alitupokea vizuri. Mama mwenye nyumba alituletea wali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, tukala tumekaa juu ya magunia, na kwa muda ilikuwa kama zamani. Mbusa aliuliza kama mashine ilikufa. Tukasema iliungua.

"Pole yake," alisema, na sikujua kama anacheka.

Kambale alimweleza tulichokuja kutaka. Mbusa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, si Kambale.

"Siku ile ya mvua, uliingia na viazi. Ulisikia, si njo?"

"Nilisikia."

"Nilingojea useme." Aliokota punje ya kakao iliyokuwa imekwama kati ya vidole vya mguu, akairudisha kwenye rundo. "Hapana, Ya Masika. Mikono imeisha zoea jembe."

Nilinyamaza tena. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na kama unatafuta mahali ambapo jambo hili lingeweza bado kurekebishwa, ni hapo. Kikundi kilikufa kabla ya Krismasi.

Nikueleze sasa jambo la mwisho la ufundi, ambalo nimelibeba peke yangu. Miaka mingi baadaye, karakana yangu ikiwa imekwisha kujulikana, mtu aliniletea boksi la aina ileile nilitengeneze. Wakati huo nilikuwa nimejifunza kusoma vitabu vya maelezo. Kulikuwa na ukurasa mmoja, mistari mitatu: shikilia kitufe hiki, bonyeza kile cha kumi na mbili. Nilifanya hivyo. Vitaa vinne vya mwisho vilizimika, na mwanga ukaanza kuzunguka katika kumi na mbili, tatu-tatu, ukiyumba kidogo, kama mtu mwenye mzigo kichwani. Iliweza. Tangu siku ya kwanza iliweza. Nilimjibu Mbusa "haiwezi" kwa sauti ya mtu anayejua, nikathibitisha kwa hesabu, naye akaniamini kwa sababu nilikuwa mpole. Nilipanga kwenda Beni kumwambia. Mara njia ilifungwa, mara nilikuwa na kazi, mara niliona aibu. Nikaenda mwezi uliopita, akiwa ndani ya jeneza.

Pale kilioni vijana wa mtaa walikuwa wameleta spika ya betri na simu ili pasiwe kimya. Walifanya kwa moyo mwema. Muziki wao ulihesabu nne-nne, wa haraka kidogo, na jeneza lilipotoka nyumbani wabebaji wake waliingia katika mwendo huo bila kujua. Walitembea mbio. Nyuma yao mjane wa Mbusa, mwenye miguu iliyovimba, alibaki, akaachwa hatua kumi, kisha ishirini. Kambale alinishika mkono.

"Masika," alisema, "angalia miguu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kuwapunguza mwendo. Tulikuwa wazee wawili wasio na ngoma.

Jumamosi Kahindo alikuja. Nilimweleza haya yote kama nilivyokueleza wewe, na alisikiliza vizuri, ni msichana mwenye sikio. Nilipomaliza aliniambia kwa upole kwamba wao hawana mtu wa ngoma. Wa mwisho alivuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda baada ya nyumba yao kuchomwa, na hajaandika. Ndiyo sababu wanalihitaji boksi. Nilimfundisha jinsi ya kuliweka kwenye kumi na mbili, akalijaribu, akafurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake kadiri nilivyoweza. Baada ya yeye kwenda nilikaa karakanani nikitazama mlango.

Lakini huenda wewe bado unaye mtu wa ngoma. Basi siku boksi litakapofika, usiliwashe kwanza. Mwite mpiga ngoma wako, mwekee kiti karibu na mlango, mpe boksi alishike magotini, mikono yake iwe na mafuta au isiwe nayo. Kisha toka nje, na uingie ukitembea polepole.